Kompyuta au konsoli? Usiishie kwenye bei ya dukani
Ndugu, umeuliza kama konsoli, yaani mashine maalumu ya kuchezea gemu kama PlayStation, ni nafuu kuliko kompyuta ya gemu. Siku ya kununua, ndiyo, tena kwa mbali: kadi nzuri ya picha, yaani kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotengeneza picha za gemu, peke yake inaweza kufikia bei ya PlayStation 5 nzima. Lakini piga hesabu ya miaka mitano. Kwenye PlayStation, gemu nyingi za kununua huchezi na wenzako mtandaoni bila kulipia PlayStation Plus, huduma yao ya ada. Kwenye kompyuta ada hiyo haipo, na Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hushusha bei mara kwa mara. Ila kama unarudi umechoka na unataka kubonyeza kitufe ucheze, bila kuhangaika na mipangilio, chukua konsoli. Tafadhali chagua yenye sehemu ya diski: gemu ukiimaliza, unaiuza.