Gredi A kwenda sekondari: anza na somo, chuo baadae

Juzi nimepata meseji inboksi kutoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Moshi, sitamtaja, anasema shikamoo ticha, mi ni Gredi A, yaani mwalimu wa msingi wa cheti, nimeshika darasa la tatu mpaka nimechoka, nasikia na wewe ulitokea msingi, naomba unishauri niende Chuo Kikuu cha Mwenge au niende Chuo Kikuu Huria. Nikamjibu kwa kifupi maana nilikuwa nasahihisha, ila hili swali naulizwa sana na karibu kila mtu anaanzia hapo hapo kwenye chuo, kwahiyo leo niandike yote nikiulizwa tena nitume linki tu.

Chuo sio swali la kwanza. La kwanza ni utasimama mbele ya fomu wani ufundishe NINI. Sisi wa msingi tumezoea kufundisha chochote, asubuhi Hisabati, baada ya uji Kiswahili, mchana Sayansi, mwenzako akiumwa unaunganisha na darasa lake. Sekondari wewe ni mtu wa masomo mawili basi, na hayo masomo mawili yanatokea kwenye fomu siksi yako, ndo maana ukikosea kombi, yaani masomo matatu ya fomu siksi, chuo hakikusaidii kitu. Wangapi tunawajua wana digrii za elimu, sijui utawala, sijui mipango, na bado wako msingi kwasababu kwenye cheti hakuna somo la kufundishia? Na wengine wanapitia diploma ya elimu ya msingi wakidhani ni ngazi ya kwenda sekondari, we diploma ya msingi inakuongezea mshahara kidogo inakuacha pale pale msingi.

Mi nilichagua EGM. Yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati ya Advansi (fomu faivu na siksi), nikiwa mwalimu wa Gredi A upande wa Meru, nina mtoto anayenyonya. Ofisini walicheka mpaka chai ikamwagika. Kila aliyekuwa anasoma kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea asiye na shule, alikuwa anakimbilia HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) maana notsi zipo na ni za kukariri, na mi nawaelewa, ila niliangalia shule za sekondari zote zinazotuzunguka nikauliza wana upungufu gani, jibu lilikuwa moja kila mahali, Hisabati na sayansi. Fizikia na Kemia zina praktiko, PC inabidi uzunguke kuomba maabara za watu, Hisabati haikudai maabara, inakudai kalamu na usingizi wako. Nikaenda nayo.

Na msisahau ile ya 2016 na 2017, walimu wa masomo ya sanaa waliozidi sekondari wakateremshwa kwenda msingi. Nilikuwepo wanapokelewa, watu na digrii zao wanakabidhiwa darasa la nne. Sasa we unapanda ngazi kwa Historia na Kiswahili wakati wenzako wa Historia na Kiswahili wanashuka kwa ngazi hiyo hiyo mnapishana katikati, unategemea nini?

Basi nikawa nikitoka shuleni napanda kifodi (daladala) kwenda tyusheni Arusha mjini, kibanda cha mabati kule karibu na soko la Kilombero, vijana wamejaa waliofeli fomu siksi wanaresiti, yaani wanarudia mtihani, wananiita mama. Mi nimekaa benchi la mbele na kiroba cha madaftari ya darasa la tano ya kusahihisha, mwalimu akiandika mfano mmoja ubaoni wa kudiferenshieti mi nasahihisha mawili ya watoto chini ya meza. Kuna kijana alikuwa ananirudishia hatua kwa hatua, ana subira yule mtoto, mpaka leo simu yake ninayo. Mwezi wa tano nikafanya mtihani, mwezi wa saba matokeo yakatoka, Hisabati nina C. C ya Advansi jamani! Waliocheka walikuja kuniangalizia wenyewe kwenye simu zao maana hawakuamini nilivyowaambia.

Miaka ya Huria siisimulii, ni kusoma usiku na kulipa ada mafungu mafungu, hakuna stori. Stori iko kwenye ruhusa. Kabla hujaanza chuo andika barua ya kuomba kwenda masomoni, ipite kwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata, mpaka kwa mkurugenzi, na kila ukipeleka bakiza kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Kuna bwana mmoja ofisini, ofisi siitaji, aliiangalia barua yangu akaniangalia na mimi, akasema "Mama wa a-e-i-o-u unaenda kufanya nini sekondari, si ukae ulee?" Mbele ya watu. Sikumjibu. Kopi yangu aliigonga muhuri, na hiyo kopi ndo ilikuja kuniokoa baadae faili liliposemekana halionekani. Walimu tunapenda kuaminiana sana, mtu anakwambia "niliongea na bosi akanikubalia", ulikubaliwa kwa mdomo? Mdomo hauna rejista.

Na digrii ukishaipata usidhani kesho unahama. Kubadilishiwa muundo kunataka uwe umeingizwa kwenye ikama (orodha ya watumishi) na bajeti, kutoka mshahara wa TGTS B wa cheti kwenda TGTS D wa digrii ni hela ya serikali, inapangwa. Mi digrii yangu ilikaa kwenye begi huku nafundisha darasa la nne kuandika barua ya kirafiki, na nilikuwa nakwenda kuulizia mpaka mlinzi ananisalimia kwa jina la mwanangu. Hapo ndo wengi wanakata tamaa, wanaanza bodaboda na kuku wa mayai. Mwalimu mwenzangu, usikate tamaa, ila pia usikae kimya, fuatilia kwa maandishi.

Nikafika sekondari. Mkajua nimepokelewa kwa maua? Miezi ya mwanzo ofisini nilikuwa "yule wa msingi". Nikapewa fomu wani mikondo yote kwasababu hakuna anayewataka, watoto ndo wametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili, sasa kila kitu Kiingereza, zile wiki za besilaini, za kuwazoesha Kiingereza, zikiisha wanakukodolea macho tu. Nakumbuka nimeandika ubaoni simplify 6 + 12 ÷ 4 × 2, darasa zima kimya kama msibani. Mwenzangu aliyenitangulia alikuwa ameshawaandikia kwenye ripoti kwamba hawana msingi. Nikaandika pembeni ya ubao MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa msingi wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Weee! Darasa lilicheka, mikono ikapanda, kumi na mbili madam, kumi na mbili! Wanaijua hesabu, walichokuwa hawajui ni wanaulizwa nini. Na KDS na KKS (LCM na HCF za Kiingereza) hivyo hivyo, kiasi na asili za sehemu hivyo hivyo, wanazo kichwani, zinasubiri mtu anayejua wameziweka wapi. Huyo mtu ni mwalimu aliyetokea msingi, sio yule aliyetoka fomu siksi moja kwa moja chuo kikuu hajawahi kuona darasa la sita linafundishwaje. Sasa hivi wakitaka mtu wa fomu wani wananitafuta mimi, yule yule wa a-e-i-o-u.

Na nafasi zinakuja, fungueni macho. Kwa ile Sera ya Elimu toleo la 2023 msingi inaishia darasa la sita, na watoto walioanza darasa la tatu 2024 na mtaala mpya watamaliza 2027 pamoja na la saba la mwisho, maana yake 2028 madarasa mawili yanaingia fomu wani kwa mkupuo. Nani atawafundisha? Mungu hakuiti ukiwa umelala, na usimsingizie mume wala mkuu wako wala serikali wakati hujafungua kitabu tangu utoke chuo cha ualimu. Soma. Jioni zima tamthilia usome.

Kwahiyo kabla ya Mwenge au Huria toa cheti cha fomu foo uhesabu C, ukiwa na tatu unaweza kujisajili fomu siksi kama PC, hazijafika resiti kwanza. Fomu siksi zikipatikana D mbili kwenye masomo yako ya kufundishia, hizo ni pointi nne, mlango wa chuo kikuu uko wazi. Kiingereza anza leo, usisubiri chuo. Na nenda sekondari ya kata iliyo jirani, muone mkuu wa shule, muombe vipindi viwili kwa wiki vya fomu wani baada ya vyako kuisha. Kama ni Hisabati hatakukatalia, ila posho usiulizie, na chaki nenda nazo.