Barua kwa mwanangu: kabla hujasaini kwenda El Paso

Musoma, Jumapili jioni

Mama yangu,

Ujumbe wako umenikuta nasahihisha mitihani ya kidato cha pili, nikaweka kalamu chini. Kuhusu ule ufadhili wa kukimbia uliopewa na chuo cha El Paso, Marekani, umeniuliza: "Baba, nikienda El Paso nitakuwa mwanafunzi anayekimbia, au mkimbiaji aliyepewa dawati?" Tena unasema kuna mtu huko kambini Arusha amekwambia vyuo vya Marekani vinanunua miguu tu, kichwa kinarudi kama kilivyokwenda. Hilo si la kujibu kwa simu ya dakika tatu, ndiyo maana naandika.

Nenda. Ila usiende bila kukijua chuo chenyewe, na usiende bila kujua yaliyompata Baba yako Mdogo, ambayo sisi wakubwa tumekuficha miaka yote hii.

Agosti 1980 nilikuwa na miaka kumi na moja. Babu yako alikuwa na redio ya mbao, betri zake anazianika juani ziongeze uhai. Siku ile watu walijaa uani mpaka kuku wakakosa pa kulala. Suleiman Nyambui, mtu wa huku kwetu Majita, alikuwa ameshika nafasi ya pili mita 5,000 kule Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Siku moja kabla, Filbert Bayi alikuwa amepata fedha nyingine katika mbio za kuruka viunzi na maji. Medali hizo mbili ndizo pekee Tanzania imewahi kuzileta kutoka Olimpiki mpaka leo ninapokuandikia. Mimi nilikimbia pekupeku mpaka ziwani na kurudi, sijui hata nilikuwa namfukuza nani.

Nilipokua ndipo nikajua kwamba wakati ule Nyambui alikuwa mwanafunzi wa chuo cha serikali mpakani mwa Texas na Mexico, University of Texas at El Paso, wenyewe wanakiita UTEP. Chuo hichohicho kilichokuandikia wewe. Alikuwa bingwa wa vyuo vyote vya Marekani mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na bingwa wa mbio za nyika mwaka 1980. Mwaka 1983 ubingwa wa nyika ulichukuliwa na Mtanzania mwingine wa hapohapo, Zakarie Barie. Bayi naye alisoma El Paso, na leo ana shule zinazobeba jina lake. Nyambui alikuja kuwa kocha na Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania. Huyo aliyekwambia kichwa kinarudi kitupu, muulize habari za hao wawili.

Chuo kilianza mwaka 1914 kikiwa shule ya uchimbaji madini, ndiyo maana timu zake zote zinaitwa Miners, wachimba madini. Sisi wa Mara jina hilo halihitaji maelezo. Majengo yake yana mapaa mapana yaliyoinama na kuta zilizolala kidogo kwa ndani, mtindo wa Bhutan, huko milima ya Himalaya. Usishangae ukidhani umeshuka uwanja wa ndege mwingine. Mwinuko unakaribiana na wetu hapa Musoma, takribani mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, ila wao ni jangwa. Pumzi haitakusumbua. Joto kavu litakusumbua, kwa hiyo jifunze kunywa maji kabla ya kiu.

Sasa sikia jambo ambalo mimi kama mwalimu wa michezo huwa nalisimulia darasani kila mwaka. Machi 1966, chuo kikiwa bado kinaitwa Texas Western, kocha Don Haskins aliwaanzisha wachezaji watano weusi watupu katika fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo. Kentucky, upande wa pili, walikuwa weupe watupu. Texas Western walishinda 72 kwa 65. Kabla ya hapo hakuna timu iliyokuwa imetwaa ubingwa huo kwa kuanza na weusi watano, na vyuo vingi vya kusini vilikuwa bado havijampa mtu mweusi jezi hata moja. Wanajivunia ushindi ule mpaka leo, na wana haki.

Lakini miaka miwili tu baadaye, Aprili 1968, wanariadha weusi wa chuo hichohicho walikataa kushindana na Brigham Young, chuo cha kanisa la Mormoni, kwa sababu ya jinsi kanisa lile lilivyowatazama watu weusi wakati huo. Chuo kiliwanyang'anya ufadhili. Mmoja wao alikuwa Bob Beamon. Oktoba ya mwaka huohuo, kule Mexico City, Beamon aliruka mita 8.90 na kuivunja rekodi ya dunia kwa sentimita 55. Aliruka hivyo akiwa hana ufadhili wa chuo.

Nakuambia yote mawili kwa sababu ni nyumba ileile. Watakuonyesha picha za 1966. Za 1968 uzitafute mwenyewe.

Miaka ya Nyambui ndiyo ilikuwa kilele cha riadha yao. Kati ya mataji 21 ya taifa waliyonayo, 20 ni ya riadha na nyika. Unajua nyika inavyohesabiwa: wakimbiaji watano wa kwanza wa timu, nafasi zao zinajumlishwa, mwenye jumla ndogo anashinda. Ukishika nafasi ya 1 mpaka ya 5 unapata 15, na chini ya hapo hakuna. Mwaka 1981 UTEP walipata 17! Aliyeongoza alikuwa Matthews Motshwarateu wa Afrika Kusini. Wapo Wamarekani walionung'unika kwamba vyuo vinaleta watu wazima kutoka Afrika kuja kuwashinda vijana wao, na manung'uniko hayo utayasikia hata leo. Usiyajibu kwa maneno. Karibuni zaidi walipita pale Tobi Amusan wa Nigeria, mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 12.12 katika mita 100 viunzi, na Emmanuel Korir wa Kenya, aliyenolewa pale na Paul Ereng kabla ya kuchukua dhahabu ya mita 800 Olimpiki ya Tokyo.

Sasa habari za Baba Mdogo.

Wewe unamjua kama mtu wa samaki pale mwaloni, na ndiye aliyekushikia saa ukiwa darasa la sita. Hujui kwamba naye alikwenda Marekani kukimbia, chuo kingine, sikitaji. Mwaka wa pili kano ya kisigino ilimkatika mazoezini. Kocha alikuja hospitali mara moja, akaleta maua. Mwezi wa saba ikaja barua ya mistari minne: ufadhili hautaendelea. Siku zile ufadhili ulitolewa mwaka kwa mwaka, na yeye alisaini bila kuuliza, maana nani angemwambia aulize? Alirudi na nusu ya shahada na begi moja. Akatuambia ameshindwa na baridi. Tuliamini miaka kumi. Siku moja nikifungua lile begi kutafuta nati za baiskeli nikakuta viatu vyake vya spaiki vimefungwa ndani ya gazeti la Kimarekani, na ile barua imekunjwa ndani ya kiatu cha kushoto, cha mguu ulioumia.

Nilimwomba ruhusa ya kukuandikia haya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwambie. Mwambie na mistari ilikuwa minne."

Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi: utakuwa vyote viwili, na ni wewe utakayelinda upande wa mwanafunzi, kwa sababu upande wa mkimbiaji una watu wengi wa kuulinda. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, zinasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki, lakini safari hazihesabiwi humo, na utasafiri sana. Beba vitabu kwenye basi.

Kanuni siku hizi zinamlinda mwanamichezo kuliko enzi za Baba Mdogo. Hata hivyo, kabla ya kusaini uliza, na ujibiwe kwa maandishi: ufadhili ni wa miaka mingapi? Nikiumia, nani analipa matibabu, na masomo yanaendelea? Je, ufadhili unagharamia ada, malazi, chakula na vitabu vyote, au sehemu tu? Nikichagua uuguzi, ambao una maabara za alasiri, kocha atanipangia mazoezi muda gani? Hilo la mwisho usiliache. Wengi hubadilishiwa kozi kimyakimya ili ratiba ya mazoezi ikae sawa.

Na habari za fedha unazozisikia, kwamba tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, ni za kweli. Lakini wewe utakwenda na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo ina masharti makali kuhusu kulipwa. Usipokee hata dola kumi za kutangaza sharubati mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikuandikie kwamba ni halali.

Mama yako anauliza kama kule kuna unga wa mtama. Nimemwambia ng'ambo ya mto ni Mexico, watu wa mahindi, hutalala njaa.

Nitumie barua yao yote, si picha ya ukurasa wa kwanza. Baba Mdogo anataka kuisoma kabla yangu. Leo ameshanunua miwani.

Baba yako