Kopo la maneno: ninavyoandika shajara siku ambazo sina cha kuandika

Kwa miaka mitatu shajara yangu ilifanana na daftari la stoo. Mimi ni karani wa ghala hapa Tanga. Kutwa naandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na usiku nikishika kalamu nyumbani mkono ulikuwa unaendelea na kazi ileile. "Jumanne. Mvua asubuhi. Umeme umekatika saa mbili. Nimelipa kodi. Nimechoka." Kurasa hizo nikizisoma leo naambulia hali ya hewa na tarehe za kodi, basi.

Nikashauriwa nijiulize maswali mazito. Unashukuru kwa lipi leo? Furaha kwako ni nini? Nikakaa na neno furaha usiku mzima, nikapata mistari sita iliyofaa kuchapwa kwenye kadi ya harusi. Neno upendo likanipa minne. Malengo sikuyamaliza, nilisinzia.

Kilichonigeuza ni ndala. Ilinikatikia kamba Ngamiani, jua la saa nane, nikarudi nyumbani nachechemea huku nimeishika mkononi. Usiku ule nikaandika juu ya ukurasa neno moja tu: Ndala. Nilitaka kulalamika kidogo nilale. Badala yake nikamkumbuka baba akiwa amekaa kibarazani, anachomeka msumari chini ya ndala ili kamba isichomoke. Nikakumbuka mwaka tuliovaa pea zisizofanana, bluu mguu huu na kijani mguu ule, tukawa tunawaambia wenzetu ndiyo mtindo. Nikakumbuka ile Ijumaa baba alipokwenda msikitini na ndala mpya akarudi na kuukuu za mtu mwingine, zimelika visigino, na mama alivyocheka hadi akalazimika kuketi chini. Kurasa nne. Sikuwahi kuandika kurasa nne za kitu chochote tangu nimalize shule.

Tangu siku hiyo nina imani moja kuhusu shajara: neno la kuanzia liwe kitu unachoweza kukishika, kukinusa au kukikanyaga. Maneno makubwa yanakuja na majibu yake tayari, tumeyasikia tangu utotoni, na kalamu inayafuata tu. Nilijaribu hata majina ya kanga za mama, nikidhani yatanisaidia. Hayakunisaidia. Jina la kanga limeshatoa hukumu kabla hujafungua mdomo. Limeshamsema jirani, limeshamaliza. Lakini mwiko haujasema lolote. Ukiuandika mwiko, wewe ndiye utakayeamua ni mwiko wa kupikia ugali au ni ule uliokupata mgongoni.

Kwa hiyo nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikakata karatasi vipande vidogo, nikaanza kukusanya. Namna rahisi ni kukaa jikoni kwenu, au kukumbuka jiko mlilokulia, na kuandika kila jicho linapotua: kinu, mbuzi ya nazi, ungo, kata, karai, sinia, mfuniko. Ukimaliza toka uani: kamba ya nguo, bomba, komeo, kizingiti. Halafu barabarani: kondakta, chenji, foleni. Vipande thelathini vinatosha kuanzia. Andika neno lililotumika kwenu, lisiwe la kitabuni. Kama mlisema koroboi, usiandike kibatari kwa sababu unaona kinapendeza zaidi. Koroboi ndilo lenye moshi wako. Na kama kitu hicho mlikiita kwa kilugha, kiandike hivyohivyo. Hakuna mwalimu anayepita kusahihisha.

Usiku, vyombo vikishaoshwa, nachomoa kipande kimoja. Naweka saa ya simu dakika kumi, naifunika simu kifudifudi, naanza. Sentensi ya kwanza ndiyo huwasumbua wengi, nami ilinisumbua, mpaka nilipozoea kuanza na mahali. Sisemi kinu kina maana gani kwangu. Nasema kinu kilikaa wapi. "Kinu kilikaa nyuma ya mlango wa uani, kimefunikwa ungo, na juu ya ungo alilala paka." Ukishajua kilipokaa, watu wenyewe wanaanza kuingia: nani alikitumia, nani alikataa kutwanga, nani alikuwa anakikalia kama kiti na kukaripiwa. Nikikwama naandika neno lenyewe tena, kinu, kinu, kinu, hadi mkono uchoke kurudia na kutafuta njia nyingine. Saa ikilia naacha, hata katikati ya sentensi. Kesho yake nikitaka kuendelea naendelea.

Kubadilisha kipande naruhusu mara moja kwa usiku. Kuna wanaosema neno unalolikwepa ndilo lenye siri. Mimi neno foleni nililirudisha koponi mara nne, na mara ya tano nikajilazimisha kuliandika, nikitegemea makubwa. Halikuwa na kitu. Nilisimama foleni, foleni ikasogea. Nikalichana.

Sasa, kuna mchezo ambao lugha yetu imetupa bure na sijui kwa nini shuleni waliufundisha kama adhabu. Ni ngeli. Chukua mlango. Uandike dakika tano: mlango wa nyumba yenu, rangi yake, sauti yake unapofunguliwa usiku na mtu asiyetaka kusikika. Kisha uukuze uwe lango. Mimi lango lilinipeleka moja kwa moja kwenye shule niliyosoma kidato cha pili, asubuhi tuliyorudishwa wenye madeni ya ada, tukasimama nje na mabegi yetu huku kengele ya kipindi cha kwanza ikilia ndani. Halafu upunguze uwe kilango, na hapo nilijikuta kwenye banda la kuku la bibi, nimeinama kutafuta mayai. Neno moja, ukurasa mmoja, sehemu tatu ambazo sikuwahi kuzifikiria pamoja. Fanya hivyo kwa nyumba, kijumba, jumba. Fanya kwa mtu, kijitu, jitu, kisha malizia na utu. Huo wa mwisho unakuja kwa mgongo wa wenzake, kwa hiyo hauna tena sauti ya kadi ya harusi.

Vitenzi navyo vina utajiri wake. Kuna yale maneno yenye maana nyingi ndani ya gamba moja. Paa ni la nyumba, ni mnyama wa porini, ni kwenda juu angani, na ni kazi ya kuwatoa samaki magamba. Nilipolichomoa nilianza na bati letu lililovuja, nikaishia na mama akipaa changu uani, magamba yamemganda mikononi yanamelemeta kama sarafu. Funga nalo: unafunga mlango, unafunga mzigo, unafunga goli, unafunga Ramadhani, na kuna jamaa kafungwa.

Ila lililonikalisha kitako ni shinda. Nililitumbukiza koponi bila kulifikiria, nikidhani litanipeleka kwenye mpira. Likanipeleka mwaka baba alipopunguzwa kazi. Jirani alikuwa akipita jioni anauliza, "Mmeshindaje?" na mama anajibu, "Tumeshinda salama." Usiku nikamsikia akimnong'oneza shangazi, "Leo tumeshinda njaa, wifi." Maana yake ilikuwa tumemaliza siku bila kula, na ndivyo shangazi alivyoelewa. Lakini nilipoiandika sentensi hiyo mwenyewe, miaka mingi baadaye, nikaisoma kwa namna ya pili: tumeshinda, njaa imeshindwa. Sikulazimisha. Lugha ndiyo ilikuwa imeyaweka hayo mawili pamoja, nami sikuwahi kuyaona mpaka nilipopewa neno peke yake, halina sentensi ya kuliongoza.

Usiku ule sikulala vizuri, na hili lazima niliseme wazi. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo walioandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu mambo yaliyowaumiza, matukio pamoja na hisia zake, walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, ingawa katika miezi iliyofuata safari zao za kituo cha afya zilikuwa chache kuliko za wenzao. Kwa hiyo ukichomoa sufuria ukajikuta msibani, usishangae. Hulazimiki pia kubaki huko. Mimi hufunga daftari, nikatafuta kazi ya mikono, kufua au kuchambua mchele, na kipande hicho nakiweka kando wiki nzima. Kama jambo ni zito kweli, daftari halitoshi, tafuta mtu wa kuzungumza naye.

Siku ambazo kichwa kimechoka kabisa nacheza kitendawili. Nachomoa kipande kisha nakiandika kitu hicho bila kukitaja jina. Wazee walijua walichofanya waliposema "Nyumba yangu haina mlango" na jibu likawa yai. Ukikatazwa kusema yai, inabidi uliangalie tena. Nilijitega mfuniko: "Nina rafiki hutetemeka kila nikimpikia." Si kitendawili cha ajabu, lakini kilinichekesha peke yangu saa tano usiku. Njia nyingine ni kuchomoa vipande viwili na kuvioza. Kondakta na ungo vilinipa hadithi ya kubuni kabisa, ya kondakta anayepepeta abiria, na ndiyo hadithi yangu ya kwanza.

Kuhusu usiri. Tunaoishi nyumba zenye watu wengi tunajua shajara haina mlango. Ya kwanza ilikuwa na ua na kikufuli kidogo kwenye jalada, na mdogo wangu aliisoma yote ndani ya juma moja, akaninukuu mbele ya wageni. Sasa natumia kaunta kubwa ya kawaida, nimeiandika juu kwa wino mwekundu MAHESABU YA STOO. Ina mwaka wa pili mezani sebuleni. Hakuna aliyewahi kuigusa.

Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea, akaliona kopo, akadhani nimeweka sukari. Nikamweleza. Hakusema kitu, akaomba kalamu na karatasi, akageuka upande kama mtu anayepiga kura, akaandika vipande vitatu na kuvikunja vidogo kuliko vyangu vyote. Kimoja nilikichomoa juzi. Tochi. Nikakaa dakika kumi zote sikumbuki tochi yoyote ya maana nyumbani kwetu. Nikampigia simu kumuuliza, "Mama, tochi ipi?"

"Si wewe ndiye unayeandika, mwanangu?" akasema. "Andika kwanza. Nami nitakwambia kama umepatia."