Jibu: Kuuza Escudo na Kirikuu ili upate gari moja, Dodoma

Mkuu, umeuliza kama uuze Escudo (jipu dogo la Suzuki) na Kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) ununue pikapu moja ya Toyota Hilux ya kupita njia mbovu na kubeba mazao ya Bahi. Uza, lakini usikimbilie dabo kebini, ile yenye viti vya mbele na vya nyuma.

Bodi ya mizigo ya dabo kebini ina urefu wa kama mita 1.5 tu. Kebini moja, yenye viti vya mbele tu, inafika kama mita 2.3. Umesema unalima alizeti, na alizeti ni nyepesi ila inakula nafasi: bodi fupi itajaa wakati springi hazijahisi kitu. Mahindi ni kinyume, gunia 10 za kilo 100 ni tani nzima, hapo usiongeze hata debe. Kama familia ni ya watu wanne, sawa, chukua dabo kebini, ila ujue utarudia safari.

Jambo la pili, na hili naomba ulishike sana. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma. Februari moja nilikwama kwenye udongo mweusi wa mbuga, four wheel (tairi zote nne kuvuta) ikiwa imeingia kabisa. Tairi zangu zilikuwa za lami. Tope lilijaza michirizi yote zikawa kama kipara. Tangu hapo nafunga tairi za matope, na nikienda bila mzigo naweka viroba viwili vya mchanga juu ya difu ya nyuma, yaani kwenye bodi usawa wa tairi za nyuma.

Ukikagua ya mkononi, lala chini kabisa ugonge chesesi (fremu ya chini ya gari) pale springi zinaposhikia. Kutu hujificha hapo.