Jibu: kwa nini «continúo» ina alama na «cambio» haina

Ndugu, umeuliza kwa nini katika Kihispania «continúo» (naendelea) huandikwa kwa alama ya mkazo ilhali «cambio» (nabadilisha) haina, ingawa yote mawili huishia kwa irabu mbili zinazofuatana.

Jibu limo katika mgawanyo wa silabi. «Cambio» ina silabi mbili tu, cam-bio, kwa kuwa i na o hutamkwa kwa mkupuo mmoja, na mkazo huangukia cam, silabi ya pili kutoka mwisho, kama kanuni inavyotaka kwa neno linaloishia kwa irabu, n au s. «Continúo» ina nne, con-ti-nú-o, kwani mkazo umeikalia u yenyewe ukaitenga na o, na alama ndiyo inayoonyesha utengano huo. Sema «continuamos» (tunaendelea): mkazo unahamia a, irabu zinaungana tena, na alama inatoweka.

Kwetu pia mkazo hutenganisha maana, kama «barabara» ya njia na ile ya sawasawa, ila hatuuandiki. Kihispania huuandika, «hablo» nasema, «habló» alisema.

Kwa vitenzi vya -iar hakuna kanuni ya kukuokoa: «cambiar» hutoa «cambio», ilhali «enviar» (kutuma) hutoa «envío», kwa hiyo jifunze kila kitenzi pamoja na umbo lake la nafsi ya kwanza.