Omnibus au Absolute? Ukiwa Kampala, tazama mchoro kabla ya kuhesabu kurasa

Ndugu, umeuliza kama inafaa kutoa zaidi ya shilingi 350,000 kwa kitabu kimoja cha komiki, na ukishaamua kutoa, uchukue Marvel Omnibus, mkusanyo mnene wa namba nyingi za komiki wenye kurasa karibu elfu moja, au Absolute ya DC, toleo la kifahari lenye kurasa chache lakini pana zaidi (Marvel na DC ni wachapishaji wa komiki wa Marekani). Waliotangulia kukujibu wamegawanya bei kwa idadi ya kurasa, na kwa hesabu hiyo Omnibus inashinda kila mara. Mimi nakusanya matoleo haya makubwa tangu nilipoanza kupata mshahara wangu mwenyewe, nipo Ntinda, hapa Kampala, na naona hesabu hiyo haigusi kabisa sababu ya vitabu hivi kuwepo.

Anza na vipimo. Komiki ya kawaida ya Marekani ina upana wa kama sentimita 17 na urefu wa 26. Omnibus, ambazo Marvel walianza kuzitoa mwaka 2005 kwa Fantastic Four, zinafika kama 18 kwa 28. Yaani zimenenepa tu, hazijakua. Absolute inafika kama 21 kwa 32, na nyingi zimetolewa ndani ya kasha. Hellboy Library Edition za wachapishaji Dark Horse zinakaribia hapo, kama 23 kwa 30. Kisha kuna majitu: zile za Marvel zinazochapwa na Taschen, 28 kwa 39.5, na Artist's Edition za wachapishaji IDW, nitakazozieleza hapo chini, nyingi zikiwa kama 30 kwa 43, ambazo ukizifungua zinamaliza meza nzima ya chakula.

Sasa kwa nini sentimita hizo chache ziwe na maana? Kwa sababu mchoraji hakuchora kwa ukubwa ule unaousoma. Hadi kama mwaka 1967 wachoraji wa Marekani walifanya kazi kwenye karatasi ambayo mchoro wake ulikuwa karibu mara mbili ya komiki iliyochapwa, kwa urefu na kwa upana. Jack Kirby aliichora Fantastic Four namba 52 ya 1966, ile anayotokea Black Panther kwa mara ya kwanza, katika zama hizo za karatasi kubwa. Baadaye kipimo kikapunguzwa hadi kama sentimita 25 kwa 38, lakini bado mchoro hupunguzwa kabla ya kwenda mtamboni. Mchoro ukipunguzwa, mistari myembamba inakaribiana, weusi unaziba nafasi zilizoachwa kati yake, na kivuli kilichojengwa kwa mistari ishirini kinageuka doa. Toleo kubwa linairudisha ile hewa kati ya mistari. Hicho ndicho unacholipia.

Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: mchoraji huyu ana kitu kinachopotea kikipunguzwa? Chukua Watchmen, ambayo Absolute yake ilitoka 2005. Dave Gibbons ameigawa sehemu kubwa ya kitabu katika vyumba (visanduku vya picha) tisa kwa ukurasa, vitatu kwa vitatu, na kila chumba amekijaza: vichwa vya habari vya magazeti pale kibandani, mabango ukutani, kile kibeji cha uso wa manjano chenye tone la damu. Katika toleo dogo nilikuwa napitia hayo yote nikifuata mazungumzo. Katika Absolute jicho linasimama lenyewe. Unaona bango lililopita kurasa nyingi nyuma limerudi likiwa limechanika, na hadithi inaongezeka uzito bila neno hata moja kuongezwa. Hapo ulipe bila kusitasita. Lakini kama mchoraji wako anatumia mistari michache minene na rangi bapa, toleo la kawaida linakutosha, na hela inayobaki inakununulia vitabu vingine viwili.

Rangi nayo ina mambo yake, na hapa watu wengi wanapigwa bila kujua. Komiki za zamani zilipakwa rangi kwa kujua kwamba zitachapwa kwenye karatasi duni ya gazeti, inayofyonza wino na kupoza kila kitu. Rangi zilezile zikihamishiwa kwenye karatasi nyeupe inayong'aa, nyekundu na njano zinapiga kelele. Taschen walilikwepa hilo kwa kupiga picha nakala za zamani zilizotunzwa vizuri, ndiyo maana ukurasa wao unakuonyesha hata vinukta vya uchapaji wa wakati ule. DC katika juzuu ya kwanza ya Absolute Sandman, 2006, walipaka rangi upya namba 18 za mwanzo za komiki hiyo, na mimi naona walifanya vyema, maana rangi za awali zilikuwa hafifu. Kabla ya kununua, tafuta video ya mtu anayekifungua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Picha ya jalada haikuambii lolote.

Artist's Edition ni jambo la peke yake. Zilianza 2010 na The Rocketeer ya Dave Stevens, chini ya Scott Dunbier, mhariri ambaye kabla ya hapo alikuwa WildStorm, tawi la DC zilikoanzia Absolute. Karatasi asili za mchoraji zinaskaniwa kwa rangi ingawa mchoro ni wa wino mweusi. Unaona penseli ya bluu chini ya wino. Unaona rangi nyeupe iliyofunika kosa, gundi iliyogeuka njano chini ya maneno yaliyobandikwa, maelekezo ya mhariri pembezoni. Kuna kurasa ambapo mkono wa mtu umechorwa, ukafutwa, ukachorwa tena, na yote matatu yanaonekana. Kwa kijana anayejifunza kuchora hapa Uganda, asiye na jinsi ya kwenda kutazama karatasi hizo kwa macho yake, sijaona shule inayoizidi hiyo. Kwa msomaji anayetaka hadithi tu, aiache.

Ukishachagua, uliza kimoja: kimeshonwa au kimebandikwa kwa gundi? Tazama mgongo kwa juu, mahali karatasi zinapokutana na jalada. Ukiona mafungu mafungu yaliyokunjwa, kila fungu na upinde wake, kimeshonwa, kitalala wazi mezani. Ukiona mstari mmoja ulionyooka wa gundi, kurasa za katikati zitakazana, na picha inayovuka kurasa mbili itamezwa pale kati. Mchoro mkubwa uliomezwa nusu ni hasara tupu.

Kuhusu usafirishaji, usidanganyike na bei ya kitabu. Kuna kampuni moja ya mizigo ilinitoza kwa ukubwa wa boksi badala ya uzito, na ndivyo wengi wa ndege wanavyofanya: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 5,000, na kama jibu linazidi kilo halisi, unalipia jibu hilo. Boksi la 40 kwa 30 kwa 15 linahesabiwa kilo 3.6 hata kama ndani kuna kitabu cha kilo mbili. Mwambie muuzaji atumie boksi linalokaza, pembe zikingwe kwa kadibodi nene, kitabu kisicheze ndani. Pembe iliyobondeka haitengenezeki. Kama una shangazi au rafiki anayerudi kutoka London au Nairobi na ana nafasi kwenye begi, hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, ila mwombe mapema na umwambie uzito wa kweli. Usimwachie mtu kilo nne za mshangao pale uwanja wa ndege.

Kikifika, usikifungue katikati kwa pupa. Kiweke mezani kikisimama kwa mgongo, laza jalada la mbele, la nyuma, kisha kurasa chache za mbele, chache za nyuma, ukibonyeza polepole hadi ufike kati. Mgongo unalegea sawasawa na hautapasuka.

Rafu: ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa utapinda. Nenda Ndeeba, chagua mbao nzito, mvule ukiumudu kwa sababu mchwa hauupendi, na mwambie fundi nafasi kati ya nguzo iwe fupi. Acha upenyo kati ya rafu na ukuta, maana miezi ya Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, kuta za Kampala zinatoa jasho na ukungu unaanzia nyuma ambako huoni. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu usivitupe. Jua la dirishani linakula nyekundu ya mgongo kwanza. Vitabu vinene mno vilaze, kwani vikisimama muda mrefu kurasa zinaning'inia na kuuvuta mgongo.

Neno moja kuhusu jirani zetu. Sisi tunaumia kwa matoleo makubwa ya Marekani, kumbe komiki za Kifaransa tangu zamani ni kubwa kwa kawaida yake: jalada gumu, kama 22 kwa 30, kurasa chache, nyepesi kusafirisha. Barly Baruti wa Kisangani, kule Kongo, amechora Madame Livingstone, iliyotoka 2014, hadithi ya Vita vya Kwanza vya Dunia huko Ziwa Tanganyika, na rangi zake za maji zinahitaji ukurasa mpana kweli. Hata kama Kifaransa chako ni cha kuombea maji, ile michoro inasomeka. Kwangu inakaa rafu moja na Absolute.

Basi, kwa hela uliyoitaja: kama lengo ni kusoma mfululizo mrefu ambao huwezi kuupata vipande vipande hapa mjini, chukua Omnibus, na usiogope ukisikia imeisha sokoni, maana nyingi huchapwa tena; usimlipe mlanguzi mara tatu. Kama lengo ni mchoro, Absolute ya Watchmen. Kabla hujatuma pesa, njoo Jumamosi yoyote mchana uzifungue zote mbili kwa mikono yako, uone jicho lako linakaa wapi. Niandikie ujumbe nikuelekeze.