Blauzi Iliyochapwa kwa Mkono: Je, Kuchuja Rangi ni Dalili ya Bandia?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua blauzi ya pamba ya rangi ya nili yenye maua mekundu na meusi, na muuzaji amenihakikishia kwamba kitambaa chake kilichapwa kwa mkono huko Bagru, nchini India. Nilipoitazama kwa makini niliona maua hayalingani, kwani mengine yamekolea na mengine yamefifia, na mahali pengine wekundu umevuka mstari wake. Nilipoifua mara ya kwanza, maji yaligeuka ya buluu. Je, nimeuziwa bandia? Na kama ni halisi, niitunzeje?

JIBU: Ndugu msomaji, mambo hayo mawili hayathibitishi kwamba umeuziwa bandia, na hilo la kwanza kwa kweli ni dalili njema. Bagru ni mji mdogo karibu na Jaipur, katika jimbo la Rajasthan, ambako watu wa jamii ya Chhipa wamerithishana kazi ya kuchapa vitambaa kwa vizazi vingi. Fundi hutumia mihuri ya mbao ngumu iliyochongwa kwa mkono. Muhuri mmoja huchora mistari ya ua, na kila rangi ya kujazia ina muhuri wake, hivyo ua moja hugongwa mara kadhaa, kila mara kwa kukadiria kwa jicho mahali ulipotua muhuri uliotangulia.

Ukitaka kujiridhisha, chagua kasoro moja na uitafute kwenye maua mengine. Muhuri uliomeguka utaacha pengo lile lile kila unapogongwa, na hilo ni la kawaida. Lakini rangi iliyovuka mstari, au iliyofifia kwa sababu mkono haukukandamiza sawasawa, haipaswi kujirudia kwa namna ile ile. Ikiwa hata makosa ya namna hiyo yanajirudia kwa mpangilio ule ule, basi huo ni uchapaji wa fremu ya wavu au wa mashine unaoiga kazi ya mkono, na hapo una haki ya kumrudia muuzaji.

Kuhusu kuchuja, inafaa kujua rangi hizi zinavyopatikana, maana hazishiki uzi kwa njia moja. Kwa desturi ya Bagru, kitambaa hulowekwa kwanza katika maji ya tunda liitwalo harda. Weusi hutokana na vyuma chakavu vilivyochachushwa pamoja na sukari guru, navyo hugeuka vyeusi vinapokutana na harda hiyo. Wekundu hushikizwa na shabu, kisha kitambaa huchemshwa katika rangi. Sehemu zisizotakiwa kuingia nili hufunikwa kwa tope liitwalo dabu, na ndipo kitambaa huchovywa. Kinatoka kikiwa na rangi ya kijani-manjano na kugeuka buluu machoni pako kadiri hewa inavyokigusa, jambo ambalo mimi naona ni la ajabu kila linapotajwa. Nili hukaa zaidi juu ya uzi, kwa hiyo ile ya ziada hutoka katika mafuo ya mwanzo. Ungekuwa na sababu ya kulalamika kama wekundu au weusi ungetapakaa kwenye kitambaa.

Ifue peke yake kwa maji baridi na sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha, bila kuiloweka muda mrefu wala kuikamua kwa nguvu. Wengi hushauri chumvi ili rangi ishike, lakini chumvi haiwezi kushikiza nili ambayo tayari imekwisha kuingia kitambaani. Limau ni baya zaidi, kwa sababu ukali wake huyeyusha chuma kilichomo katika weusi na kuacha madoa yaliyopauka yasiyorekebishika. Anika kivulini huku umeigeuza ndani nje, na uipige pasi kwa upande huo huo.